Kidakuzi si Biskuti: Faragha Yetu na Matangazo Yanayotufuata Mtandaoni

Miongoni mwa istilahi ambazo tarakilishi na simu za mkononi zimetuletea, ipo moja ambayo sisi walimu wa Kiswahili huipita bila kuitazama mara mbili. Nayo ni kidakuzi, wingi wake vidakuzi. Msomaji atakutana nayo akiweka kivinjari chake katika Kiswahili na kuingia kwenye mipangilio ya faragha. Wenye Kiingereza wamekiita kitu hicho kwa jina la biskuti tamu, ile ya kunywea chai. Mfasiri wa Kiswahili hakuleta biskuti. Mwenye sikio la lugha hii hawezi kulisikia neno kidakuzi asikumbuke udaku, na mdaku naye, yule jirani anayejua nani kaingia kwa nani na saa ngapi katoka. Kwa maoni yetu hii ni mojawapo ya istilahi chache za kiteknolojia ambapo Kiswahili kimesema ukweli zaidi kuliko lugha iliyotangulia kukipa kitu jina.

Makala haya yanakusudia kueleza vidakuzi na wenzake hufanya kazi gani, matangazo yanayomlenga mtu binafsi hutengenezwa vipi, na mtumiaji wa kawaida wa simu anaweza kujikinga kwa kiasi gani. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la idara ya lugha. Uhusiano ni huu: biashara yote tutakayoieleza imesimama juu ya neno moja, "nakubali", na neno hilo hutolewa kila siku na watu ambao hawakusoma walichokikubali au hawaielewi vizuri lugha kilichoandikwa kwayo.

Tuanze na kidakuzi chenyewe. Mwaka 1994 mhandisi Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, alikuwa na tatizo dogo. Tovuti za wakati huo hazikuwa na kumbukumbu. Kila ukurasa uliofunguliwa ulikuwa kama kumwendea mwenye duka anayekusahau kila unapogeuza kichwa. Ukiweka sukari kapuni kisha ukaenda kutafuta chumvi, ukirudi yeye hajui wewe ni nani wala kapu ni la nani. Montulli akabuni kijifaili kidogo ambacho tovuti hukiacha ndani ya kivinjari chako, mara nyingi kikiwa na namba tu, ili ukirudi ikutambue. Hadi hapo hakuna ubaya. Bila vidakuzi vya aina hii tungelazimika kuandika nywila upya katika kila ukurasa wa barua pepe.

Ubaya uliingia kwa mlango mwingine. Ukurasa mmoja wa gazeti la mtandaoni hauletwi na gazeti peke yake. Habari inatoka kwa gazeti, tangazo la pembeni linatoka kwa kampuni nyingine kabisa, kitufe cha kusambaza habari kwa marafiki ni cha kampuni ya tatu, na kipimo cha kuhesabu wasomaji ni cha ya nne. Kila mmoja wa wageni hao anaweza kuacha kidakuzi chake. Sasa chukulia kwamba kampuni ileile ya matangazo imepangisha nafasi katika maelfu ya tovuti. Asubuhi inakuona kwenye gazeti, mchana inakuona kwenye tovuti ya dawa, jioni inakuona ukitafuta nyumba ya kupanga, na kwa kuwa namba iliyomo katika kidakuzi ni ileile, inajua kuwa ni mtu mmoja. Haihitaji kujua jina lako. Hapo ndipo kidakuzi kinapokuwa mdaku kwelikweli. Kampuni ya DoubleClick, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanya kazi hii kwa wingi. Google iliinunua kwa dola za Marekani bilioni 3.1, na ununuzi ukakamilika mwaka 2008. Hakuna anayetoa fedha kama hizo kwa ajili ya biskuti.

Hatua iliyofuata ni mnada, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo kwa sababu ndicho kiini cha jambo. Mwanafunzi aliyeko Mbarara anafungua ukurasa ili asome matokeo ya mpira. Kabla picha ya kwanza haijatokea kwenye kioo cha simu yake, ujumbe umeshapelekwa kwenye soko la matangazo: simu ni ya aina fulani, iko karibu na mji fulani, lugha yake ni fulani, saa ni fulani, ukurasa unahusu mpira, na namba yake ya utambulisho ni hii. Mitambo ya makampuni mengi inasoma ujumbe huo, inaulinganisha na ilichokwisha kuweka katika madaftari yake, na kila mmoja unataja bei. Aliyetaja bei ya juu anapewa nafasi, na tangazo lake linatokea. Mambo haya yote humalizika kabla hata sekunde moja haijatimia, na hurudiwa kila mwanafunzi huyo anapofungua ukurasa mwingine.

Katika mnada wa ng'ombe, asiyenunua hurudi nyumbani mikono mitupu. Katika mnada huu walioshindwa nao wameshaisoma taarifa ya mwanafunzi wetu, na hakuna anayesimama mlangoni kuwapekua wanapotoka. Ndiyo maana tunadhani lalamiko la kawaida, kwamba matangazo yanasumbua macho, haligusi penye tatizo. Tangazo lenyewe ni moshi tu wa jiko ambalo hatulioni.

Katika simu za Android kuna kitu kingine kinachofanya kazi ya kidakuzi ndani ya programu, nacho ni kitambulisho cha matangazo, namba ndefu ambayo programu mbalimbali zinaweza kuisoma. Aidha, programu nyingi hubeba tumboni vipande vya programu za makampuni mengine. Hapa Uganda tunao mfano uliochunguzwa na mamlaka. Mapema mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu SafeBoda, programu inayotumiwa na abiria wengi wa bodaboda, ikaeleza kuwa taarifa za watumiaji, zikiwemo majina, namba za simu na anwani za barua pepe, zilipelekwa kwa kampuni ya CleverTap ya Marekani bila watumiaji kuarifiwa ipasavyo. Abiria alitaka kufika Wandegeya. Taarifa zake zilifika mbali zaidi.

Wanafunzi wetu wengi wanaamini kwamba simu husikiliza mazungumzo, kwa sababu walizungumzia viatu wakiwa bwenini na kesho yake wakaona tangazo la viatu. Imani hii tunaielewa, lakini haihitajiki ili kulieleza tukio. Watu wanaoishi chumba kimoja mara nyingi hutumia muunganisho mmoja wa intaneti, simu zao zinalala mahali pamoja usiku kucha, na ni marafiki katika mitandao ileile ya kijamii. Mmoja akitafuta viatu, mtambo unakisia kuwa na mwenzake huenda akavipenda. Kukisia huko kunatosha, na si vibaya kukumbuka kwamba makisio mengi hukosea, ila hatuyakumbuki yaliyokosea.

Je, kuna hasara gani? Tangazo la viatu halijamuua mtu. Tunachokihofia sisi tunaofundisha vijana ni kamari na mikopo. Mwanafunzi anayetafuta mkopo wa haraka katika juma la mwisho la kulipa karo ameonyesha kidonda chake mbele ya soko zima, na soko halina huruma ya kumwacha apumue. Vivyo hivyo kwa kijana anayefuatilia matokeo ya ligi ya Uingereza: ni yeye anayetafutwa na wenye kampuni za kubeti. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya shilingi 2,975,000, baada ya malalamiko ya watu waliokuwa wakipokea ujumbe na simu za vitisho, wakati namba zao zilikuwa zimepatikana kutoka kwa watu wengine. Yaani mkopaji hujiuza yeye na walioandikwa katika kitabu chake cha simu, wakiwemo shangazi na mwalimu wake.

Tumesema kwamba biashara hii imesimama juu ya neno "nakubali". Tuliangalie sasa neno hilo kwa jicho la mwanalugha.

Julai 2021 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uholanzi iliitoza TikTok faini ya yuro 750,000. Kosa lilikuwa la lugha. Maelezo ya faragha ambayo watoto wa Kiholanzi walipewa wakati wa kuweka programu hiyo yalikuwa kwa Kiingereza, hivyo watoto hawakuweza kuelewa vizuri taarifa zao zinachukuliwaje na kutumiwaje. Tunaomba walimu wenzetu wasome tukio hilo mara mbili. Uholanzi ni nchi ambayo watu wake wengi wanakijua Kiingereza kuliko wengi wetu, lakini mamlaka yao haikukubali kwamba mtoto ameridhia jambo lililoelezwa kwa lugha isiyo yake.

Ufaransa nayo ilitazama upande mwingine wa kukubali. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mamlaka yake ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kuvikubali vidakuzi kulihitaji kubofya mara moja tu, ilhali kuvikataa kulihitaji kubofya mara kadhaa. Anayejua matumizi ya lugha anajua kwamba "ndiyo" iliyo mlangoni na "hapana" iliyofichwa uvunguni si majibu mawili ya swali moja.

Kinyume chake, swali likiulizwa wazi, watu hujibu. Aprili 2021 kampuni ya Apple ilianza kuzilazimisha programu zilizomo katika simu zake kumwuliza mtumiaji, kwa maneno machache, kama anakubali kufuatiliwa katika programu na tovuti za makampuni mengine. Watu wengi walikataa. Februari 2022 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya mwaka huo kwa kiasi cha dola bilioni 10. Hatujui sentensi nyingine fupi kama hiyo iliyowahi kuwa na bei kubwa namna hiyo.

Hapa kwetu sheria haikukosekana. Katiba ya Uganda, kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ilipitishwa mwaka 2019, kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Majirani zetu wamefanya vivyo hivyo: Kenya mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria yetu inampa mtu haki ya kuiandikia kampuni na kuitaka iache kutumia taarifa zake kwa ajili ya kumtangazia biashara, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Hata hivyo, maelezo ya faragha ya programu nyingi tunazozitumia hapa yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa baada ya kurasa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Mwuza mboga wa Arua anayejua Kiswahili cha soko na Kilugbara cha nyumbani, akibonyeza kitufe chini ya maandishi hayo, ameridhia nini?

Tukija kwenye hatua za kuchukua, tunashauri msomaji aanze na ile iliyo rahisi na yenye faida kubwa. Katika simu za Android zenye toleo la 12 na kuendelea, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha au ya Google, kisha matangazo, na ufute kitambulisho cha matangazo. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukishakifuta, programu zinazokiomba hupata sifuri tupu. Simu haitaharibika na hakuna programu ya maana itakayogoma.

Halafu akaunti ya Google. Katika sehemu inayoshughulikia matangazo unaweza kuzima matangazo yanayolengwa kwako. Hata kama hutaki kuyazima yote, unaweza kuomba upunguziwe ya kamari, pombe na mengine machache yaliyotajwa hapo. Tungependa kila mwanafunzi wetu afanye walau hilo la kamari. Katika akaunti hiyohiyo unaweza kuagiza historia ya ulivyovitafuta na kuvitazama ijifute yenyewe kila baada ya miezi 3, 18 au 36. Facebook nayo ina sehemu, iliyofunguliwa kwa watu wote Januari 2020, inayoonyesha ni tovuti na programu zipi zilizoipelekea habari zako ulipokuwa nje ya Facebook, na inakuruhusu kuzitenganisha na akaunti yako. Tunapendekeza uisome orodha hiyo kabla ya kuifuta. Ni somo kuliko makala haya.

Kuhusu vivinjari, Firefox tangu 2019 na Safari tangu 2020 huvizuia vidakuzi vya wageni bila kuombwa, ingawa si kwa namna ileile. Chrome ni hadithi nyingine. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2024 ikabadili nia. Anayetumia Chrome hana budi kuingia mwenyewe katika mipangilio na kuvizuia.

Hapo hapo kwenye Chrome kuna istilahi nyingine inayotuudhi kama kidakuzi kilivyotupendeza: hali fiche. Neno "fiche" linaahidi mengi. Ukweli ni kwamba hali hiyo huificha historia yako kwa anayeshika simu au tarakilishi baada yako, basi. Tovuti unayoitembelea inakuona, na kampuni inayokuuzia intaneti inaona umeunganishwa na tovuti gani. Wamarekani walioishitaki Google mwaka 2020 kwa jambo hilo walifikia mapatano nayo mwaka 2024, na kampuni ikakubali kuharibu rekodi kwa mabilioni. Kwa wanafunzi wanaotumia maabara ya tarakilishi hali fiche bado inafaa, kwani humzuia anayekaa kitini baada yako asikute akaunti yako wazi. Kwa zaidi ya hapo isitegemewe.

Kuna suala dogo linalowahusu wapenzi wa Kiswahili peke yao. Wengi wetu tumewahimiza wanafunzi kuweka simu zao katika Kiswahili, na tutaendelea kuwahimiza. Wajue tu kwamba lugha ya simu nayo ni taarifa. Juni 2025, Meta ilipotangaza kwamba matangazo yataanza kuonekana katika sehemu ya WhatsApp yenye hali na chaneli, ilieleza kuwa itayachagua kwa kuangalia, pamoja na mengine, nchi au mji wa mtumiaji, lugha yake na chaneli anazozifuata. Ujumbe wa watu binafsi umefungwa kwa msimbo na hausomwi kwa kazi hiyo. Lakini anayetumia Kiswahili mjini Kampala ameshajipambanua kidogo na umati.

Sisi walimu nasi tunakusanya taarifa, tena bila kufikiri sana. Tunawataka wanafunzi wajaze fomu za mtandaoni zenye namba za simu, tunabandika orodha za alama zenye majina katika vikundi vya WhatsApp, tunapiga picha za siku ya Kiswahili na kuzirusha. Nairobi, katika Septemba ileile ya 2023, shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Alama zinaweza kumfikia kila mwanafunzi peke yake, au zikabandikwa kwa namba ya usajili bila jina. Fomu isiyohitaji namba ya simu isiulize namba ya simu. Na picha za watoto wa shule tunakofanyia mazoezi ya kufundisha zisubiri barua ya mzazi.

Kwa wanaofundisha tafsiri, tunapendekeza zoezi ambalo sisi tumelifanya na mwaka wa pili. Chukueni maelezo ya faragha ya programu ambayo kila mmoja darasani anayo. Waambieni wanafunzi wayaandike upya kwa sentensi tano za Kiswahili ambazo mzazi aliyeishia darasa la saba atazielewa: nani anachukua, anachukua nini, anampa nani, anakaa nacho muda gani, na ukikataa inakuwaje. Sentensi ya tatu ndiyo iliyotushinda. Wenye programu huandika kwamba taarifa zitapewa "washirika" wao. Kundi moja lilitaka kubaki na "washirika" kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Kundi la pili likasema mshirika ni mtu mnayegawana naye kazi na hasara, hivyo likapendekeza "wanunuzi". Kengele ililia wakati kundi la tatu likitetea "madalali", na kipindi kijacho tutaanzia hapo.